Mbeleko Iliyokatwa Gauni

Wateja wakishakaa kwenye kiti changu pale saluni, Buzebazeba, wanataka siri. Dada, siri ya ngozi yako nini? Dada, hilo gauni umelitoa wapi? Siri! Kama vile kuna mtu kanifichia kitu chini ya godoro. Nawaambia: lala mapema, kunywa maji, paka mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, ukitoka kuoga ngozi ikiwa bado mbichi, na acha kujipaka vitu usivyojua vimekorogwa na nani. Wananuna. Wanataka kopo lenye picha ya mwanamke mweupe.

Yote ninayoyajua ya urembo nimeyapata kwa mwanamke aliyekuwa akishinda Kibirizi juani, kainama, anaanika dagaa. Mama yangu. Jioni akirudi haingii ndani na nguo za kazi. Anazivulia uani, nyuma ya pazia la magunia, anaanza mikono yake. Ndimu kwanza, aisugue hadi kwenye kucha, halafu majivu, halafu maji. Sabuni inakuja mwisho kabisa, kwa sababu ukianza na sabuni, alisema, unaifungia harufu ndani. Visigino anavisugua kwa jiwe la ziwani. Ukimkuta Ijumaa barabarani Ujiji, kajitanda, kanukia udi kwa mbali, huwezi kujua kama ni yule yule wa kwenye dagaa. Watu wa dagaa wenyewe walikuwa wanampita bila kumsalimia, halafu wanageuka: "Hee, kumbe ni wewe!"

Nguo zake nzuri zilikuwa chache na zote za zamani. Alizitunza kwenye sanduku la bati, na karafuu zilizofungwa kwenye kitambaa ili nondo wasisogee. Mara moja moja kiangazi anazitoa, anazitandika kivulini zipigwe na upepo. Juani hata kidogo! Jua linakula rangi, na nguo iliyoliwa rangi hairudi. Mimi hii tabia ya kupenda nguo za kizamani, kuinama kwenye mitumba asubuhi na kunusa makwapa ya magauni ya watu nisiowajua, nimeirithi pale sandukuni.

Chini kabisa ya sanduku kilikaa kitenge kimoja cha wax. Baba alikileta kutoka Kalemie enzi za uhai wake, kilikuwa bluu iliyoiva, na viduara vya rangi ya mawese. Kizito. Kikipigwa upepo kinatoa mlio. Vitenge vya siku hizi ukivifua mara tatu unaweza kuchujia tui. Kile kilifuliwa mpaka kikalainika na rangi haikuondoka. Mama hakuwahi kukishona. Alisema kitambaa kizuri hakikatwi, kinafungwa.

Basi mama alikuwa na dada yake, mama yangu mkubwa. Mama mkubwa alizaa mtoto wa kike, akamnyonyesha kidogo, akamleta kwetu. Anakwenda Dar kutengeneza maisha, atarudi akishakaa sawa. Mimi nilikuwa shule ya msingi, nakumbuka alivyovaa siku ile, viatu vya mchuchumio kwenye mchanga wetu. Alimweka mtoto mkekani akaondoka bila kumwamsha. Kukaa sawa kwenyewe kukachukua miaka mpaka yule mtoto akaota maziwa.

Kazi ya dagaa haina likizo ya mtoto. Mama alimbeba. Kanga zilikuwa hazitoshi. Ukiinama kuanika, kanga inalegea, mtoto anachungulia pembeni, ukigeuka ghafla yuko kwenye mchanga. Ndipo mama akafungua sanduku na kutoa kile kitenge cha Kalemie. Kilimshika yule mtoto barabara. Alishinda nacho mgongoni Kibirizi, akalala humo, akaota meno humo akikitafuna pindo, akakojoa humo wee. Kila jioni mama alikifua kwa mkono, peke yake, akakianika kivulini. Mtoto akaanza kusema, akamwita mama. Akaniita mimi dada. Hakuna aliyemfundisha vinginevyo, na kwa kweli sisi wenyewe tulishasahau.

Mama mkubwa alirudi mtoto alipokuwa kidato cha pili. Alirudi kwa simu kwanza, halafu kwa mifuko: viatu, wigi, marashi, makopo ya kujipaka. Mtoto wa kike umri ule, atakataa? Likizo zikawa za Dar. Uso ukaanza kung'aa, vifundo vya vidole vikabaki vyeusi vile vile, mimi nikapiga kelele mpaka nikakaukiwa koo, nikaambiwa namwonea wivu. Wivu! Mimi! Na siku moja, uani, nikasikia: "Mama mdogo, chumvi iko wapi?"

Nilisimama na kijiko mkononi. Mama alimwonyesha chumvi ilipo, akaendelea kupepeta mchele.

Kisha kukatokea mchumba, kijana mstaarabu, familia yake ya Mwandiga. Harusi ikapangwa ifanyike kwetu. Hapa inabidi nieleze jambo, maana wote tunaolijua huwa tunadhani kila mtu analijua. Katika ukoo wetu, wanawake wa upande wa bwana harusi wanakuja na mkaja. Ni kitambaa kipya, na anafungwa mama wa bibi harusi kiunoni mbele ya watu, kwa sababu ya tumbo lililozaa na mgongo uliobeba. Wanaingia wakiimba, yule kiongozi wao anauliza kwa sauti: aliyembeba huyu mtoto yuko wapi? Mwenyewe anasimama, anafungwa, vigelegele, basi. Kitambaa chenyewe ni cha kawaida tu. Kinachotafutwa ni kule kusimama.

Mama hakusema lolote kuhusu mkaja. Lakini mimi ni mwanawe. Nilimwona anavyonyamaza kila mtu akitaja harusi, nikajua kitu kimoja tu ndicho anachokitaka duniani, na nikajua hatakiomba hata akichinjwa.

Zikiwa zimebaki siku chache bibi harusi akaja nyumbani. Akakaa pembeni ya mama, kitu ambacho hakuwa amekifanya muda mrefu, akaweka kichwa begani kwake.

"Mama," akasema.

Mama, siyo mama mdogo. Na mimi nilisikia, na mama alisikia.

"Kile kitenge chako cha zamani bado kipo? Sasa hivi mtindo ni vya kizamani. Kila bibi harusi anatafuta wax ya ukweli kwa ajili ya nguo ya pili, baada ya shela. Nimezunguka soko lote hakuna. Naomba kile, mama."

Sasa kosa lilipofanyika ni hapo. Kwetu mbeleko haiazimwi. Mwanamke hawezi kumwomba mwanamke mwingine mbeleko yake hivi hivi kama anaomba kibiriti. Anayeombwa mbeleko na bibi harusi ndiye atakayefungwa mkaja. Ni namna ya kumwambia bila kumwambia, ajiandae. Mama akaelewa hivyo. Na mimi, mwenye mdomo wote huu, nikaelewa hivyo hivyo. Kumbe mtoto alikuwa anazungumzia mtindo.

Mama aliinuka akaenda sandukuni. Alirudi nacho kimekunjwa, akampa kwa mikono miwili. "Mwambie fundi asikate," akasema. "Mafundi wa zamani walikuwa wanakunjia ndani. Akunje, ashone juu ya mkunjo, ukichoka kuvaa unafumua unapata kitambaa chako kizima. Utakihitaji, mwanangu. Utazaa."

"Sawa, mama."

Wiki ile mama alikuwa msichana. Nasema kweli. Aliacha Kibirizi, akakaa ndani akijisugua. Alinituma ndimu mpaka mwenye genge akaniuliza kama tunafungua kiwanda. Nilimsuka nywele za mstari mmoja mmoja, nyembamba, nikazipaka mise mpaka zikalala. Nilimtafutia gauni kwenye mitumba, nikachambua asubuhi tatu mfululizo, nikapata moja la kijani, la zamani hasa, vifungo vyake vimevikwa kitambaa hicho hicho cha gauni, mikono inafika kwenye kiwiko. Nikalilowesha kwa chumvi na siki kutoa harufu ya bandari, nikaliingiza kidogo kiunoni. Kiuno nilikiangalia sana, maana ndipo mkaja unapokaa. Alipolivaa akasimama mbele ya kioo changu cha saluni, akajigeuza, akacheka kwa aibu. "Sijazidisha?" akaniuliza. Nikamwambia bado kidogo.

Siku ya harusi nilimpamba bibi harusi mwenyewe, nani mwingine? Kazi haikuwa ndogo. Poda inayokubali shavu inakataa shingo, na masikio yalikuwa na rangi yao ya tatu. Nikachanganya, nikafuta, nikachanganya tena. Mama mkubwa alikaa nyuma yangu na lesi ya dhahabu, akinielekeza kazi yangu. Nilijibu "sawa mama mkubwa" mpaka taya likauma.

Nikahi ikapita salama. Wanawake tukakusanyika uani kwenye turubai, na bibi harusi akaingia ndani kubadilisha. Gauni la pili lilikuwa limetoka kwa fundi asubuhi ile, sikuwa nimeliona. Nilipolitoa kwenye mfuko nikaona: limebana kifuani, limebana nyongani, mpasuo mrefu, zipu mgongoni. Nikapapasa mishono nikitafuta mkunjo. Harakaharaka, wageni wanasubiri, sikuweza kujua. Nikafunga zipu.

Alipotoka, uani kulichafuka. Alipendeza, sitasema uongo kwa sababu ya uchungu. Ile bluu juu ya mwili ule, vile viduara vinavyoshika mwanga! Wasichana wakatoa simu. Wifi mmoja wa Mwandiga akamshika kiunoni: "Wifi, makubwa haya! Wax kama hii bado ipo duniani? Umeipata wapi?"

Bibi harusi alimtazama mama mkubwa, halafu akacheka.

"Mtumba huo, wifi. Nilichambua mwenyewe sokoni."

Mama alikuwa amekaa viti viwili kutoka pale. Nilimtazama. Alikuwa anakitazama kile kitenge, mahali palipokuwa na pindo, pale meno yalipotafuna. Yeye ndiye aliyevaa mtumba siku ile, ndani ya uwanja mzima, na wala hakuna aliyemuuliza kautoa wapi. Nilitaka kusema. Ulimi ulikuwa umeshafika mlangoni. Mama akanitikisia kichwa kidogo tu, nikajua bado anangoja. Bado alikuwa ana imani na mkaja! Labda mtoto kaona haya mbele ya wakwe, alikuwa anajiambia hivyo. Namjua.

Wakaja. Waliingia na wimbo, mkaja umewekwa kwenye sinia, mwekundu, umefukizwa udi mpaka unasikika getini. Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye sauti ya msikitini, akasimama katikati akapaza:

"Aliyembeba huyu mtoto yuko wapi? Ajitokeze tumwone!"

Mama aliinuka.

Aliinuka nusu. Mkono mmoja uko kwenye kiti, mwingine umeanza kunyoosha gauni kiunoni. Na kutoka upande wa pili bibi harusi akawa ameshamshika mama mkubwa mkono, anamsogeza mbele, lesi inametameta, vigelegele vimeshaanza. Mama akabaki pale, hajasimama hajakaa. Halafu akavuta nguo yake upande mmoja, kama mtu aliyeinuka kurekebisha gauni tu, akaikalia vizuri, akaketi. Akapiga vigelegele. Sauti yake naijua katikati ya mia, na niliisikia.

Wakamfunga mkaja mwanamke ambaye mgongo wake haujawahi kulowa mkojo wa mtoto yule hata siku moja.

Nilimwuliza usiku ule kwa nini alinizuia. Alikuwa anafungua vifungo vya gauni la kijani, kimoja kimoja. "Ungesema, halafu ningesimama kwa sababu yako," akaniambia. "Nilitaka anisimamishe yeye."

Kesho yake akarudi Kibirizi.

Mimi nilikasirika kwa niaba yetu wote wawili. Picha za harusi zilizunguka kwenye simu za mji mzima, na wateja walikuwa wananiletea: dada, nataka kama hii. Nikawaambia nenda kachambue mitumba, utaipata. Nikacheka peke yangu kicheko kibaya. Mdogo wangu hakuja nyumbani. Alikuwa Mwandiga tu, nauli yake si kitu. Mama akisikia mtu anatoka huko anauliza hali, anaambiwa mjamzito, anaambiwa anaendelea vizuri, anasema alhamdulillahi.

Kisha asubuhi moja mkwe akafika kwetu na pikipiki. Alisimama uani, kofia mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo mama. Shikamoo dada. Mwenzangu kajifungua salama. Mtoto wa kike. Mama wa Dar amesema hawezi kuja sasa hivi, ametuma nguo za mtoto. Mwenzangu hawezi hata kumwogesha, anaogopa kumshika. Anakulilia wewe, mama. Anaomba uje mpaka arobaini itoke."

Nilijifuta mikono taratibu. Nilishapanga cha kumjibu tangu siku ya harusi, nimekinoa, kinakata kuwili. Lakini mama alinitangulia.

"Marahaba, mwanangu. Kuna kitenge changu kiko kwake. Alichobadilishia siku ya harusi. Kilete."

"Lile gauni? Mama, vitenge vipo, nitakununulia hata leo—"

"Kilete hicho. Mimi mtoto wa humu ndani nambeba kwa hicho."

Alikwenda, akarudi kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa ametandika mkeka kivulini. Alilipokea gauni, akalinusa, akaniomba wembe.

Alianza na zipu. Akafumua mgongo, akafumua ubavu, uzi anautoa kwa kucha, hana haraka. Mkwe alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa akitazama bila kuelewa. Mimi nilielewa. Alikuwa anatafuta mkunjo. Alikuwa bado anaamini kwamba mtoto alimsikia, kwamba alimwambia fundi asikate, kwamba humo ndani, chini ya mishono, kitambaa chake kipo kizima kimekunjwa.

Hakukuwa na mkunjo. Fundi alikata mpaka kwenye mshono wenyewe, hakuacha hata ukingo wa kidole. Mama alivitandaza vipande juu ya mkeka, akavisogeza, akaviunganisha ncha kwa ncha, akajaribu upande huu, akageuza upande ule. Kilichokuwa kirefu zaidi akakichukua. Akainama kama anavyoinama mwanamke anayepandisha mtoto mgongoni, akakipitisha nyuma chini ya makwapa, akavuta ncha mbili zije zikutane kifuani.

Hazikukutana. Palibaki nafasi ya viganja viwili, kifua chake kikionekana hapo katikati kinapanda na kushuka. Alivuta tena. Kitambaa kilikuwa imara, hakikuchanika. Hakikutosha tu.

"Hakifiki," akasema.

"Nitanunua kingine, mama," mkwe alisema. "Kizuri kuliko hicho."

"Nunua, baba. Mpelekee mama wa mtoto ambebee mwanawe." Alivikusanya vile vipande, akajaribu kuvikunja kwenye mistari ile ile ya zamani ya sandukuni, vikakataa kukunjika, akavitia kwenye mfuko na kumkabidhi. "Mwambie nimejaribu, hakifiki. Mwambie maji ya mtoto yasiwe moto sana, na kitovu asikipake kitu."

Pikipiki ikaondoka. Nilikuwa na furaha, Mungu anisamehe, furaha chungu ya mtu aliyeona haki. Nikasema, "Umefanya la maana, mama. Akome!" Mama akaingia chumbani, nami nikamfuata nikiendelea kusema, nikakuta mfuko wake wa safari uko juu ya kitanda, umefungwa tayari.

Sijui aliufunga lini. Jana yake, pengine, aliposikia sokoni kwamba uchungu umeanza. Alikaa pembeni yake, akafungua zipu. Akatoa chupa ya mafuta ya mise, akairudisha dirishani. Akatoa ndimu, jiwe la visigino, kanga mbili za kulalia, kofia ndogo ya sufu aliyoifuma na sikuwahi kumwona akiifuma. Kila kitu alikirudisha mahali pake. Ile kofia alikosa pa kuiweka, akakaa nayo mkononi, akaniambia nikaangalie mboga jikoni isiungue.